Somo Letu: Kodi ya Majengo, na Nani Amesamehewa



Katika kisomo tulijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Leo tuitumie elimu hiyo kusoma kitu kidogo sana: risiti ya umeme wa LUKU. Wengi wetu huitupa pale pale dukani, au hufuta ujumbe kwenye simu mara tu baada ya kuingiza namba za umeme. Tusifanye hivyo.

Tuchukue mfano. Bibi mmoja anakaa Bunda mjini na wajukuu zake. Mwanzo wa mwezi anamtuma mjukuu akanunue umeme wa shilingi 5,000. Umeme unakuja kidogo kuliko alivyozoea. Bibi anamgombeza mtoto, anadhani amekula hela. Kumbe mtoto hajala hata senti! Shilingi 1,500 zimekatwa kwanza. Umeme umehesabiwa katika zile 3,500 zilizobaki, nazo zina makato mengine madogo.

Hizo 1,500 ni kodi ya majengo. Inatozwa kwa nyumba, siyo kwa kiwanja. Kodi ya ardhi ni nyingine. Wala siyo kodi ya maendeleo, maana hiyo ilifutwa mwaka 2003. Kutoza nyumba siyo jambo geni nchini. Wajerumani walianza kudai kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwa njia ya LUKU. Mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliipandisha ikawa 1,500. Kwa mwaka ni hivi:

1,500 x 12 = 18,000

Nyumba ya ghorofa hulipiwa 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa.

Je, usiponunua umeme miezi minne? Kodi haisahau. Siku utakaponunua utakatwa 1,500 x 4, yaani 6,000. Basi usimlaumu mwenye duka.

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili. Sheria imewasamehe watu fulani. Mzee aliyefikisha miaka 60 hatozwi kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Vile vile mlemavu asiye na kipato. Nyumba za udongo na za nyasi, zile za kuishi watu, nazo zimesamehewa, hata kama nguzo ya umeme imefika mlangoni. Wenzetu wa vijiji vya Butiama walisome hilo mara mbili.

Lakini mita haijui umri wako. Inakata tu. Ikiwa yule bibi wa Bunda ana miaka 71, basi analipa 18,000 kila mwaka ambazo hadaiwi, na ataendelea hivyo mpaka aseme. Aende kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kisha ofisi ya mapato, akiwa na kitambulisho chenye mwaka wa kuzaliwa, namba ya mita na risiti ya LUKU. Asiyeweza kutembea amtume mwanawe. Akiulizwa anataka nini, ajibu, "Naomba msamaha wa kodi ya majengo." Siyo kuomba huruma, ni haki.

Kuna na mpangaji. Pale Musoma wengi wamepanga, na ndio wanaonunua umeme. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji atunze risiti, wakubaliane kupunguza fedha hiyo kwenye pango. Na nyumba moja yenye mita mbili isilipe mara mbili. Mwenyewe apeleke namba zote mbili ofisini.

MAZOEZI

1. Chukua risiti yako ya mwezi huu. Tafuta namba 1,500. Umeiona?

2. Nyumba moja ina mita mbili, na kila mita inakatwa 1,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba amelipa zaidi kiasi gani kwa mwaka?

3. Jirani yako amezaliwa mwaka 1950. Anaishi katika nyumba yake. Andika majina ya vitu atakavyobeba kwenda ofisini, halafu umsomee.