Vidokezo 12 vya Kujitunza Ndani ya Siku Uliyonayo

Mwaka 1973 Watanzania walijifunza kwa redio namna ya kubadili tabia. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza kipindi cha Redio Tanzania Dar es Salaam, wakasomeana kijitabu, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji, kufyeka majani, kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Ilikuwa kazi ya wiki 12. Hakuna aliyeambiwa ageuke mtu mpya. Aliambiwa achimbe choo, alijua lini, na jirani yake alikuwa akichimba cha kwake.

Kitendo kimoja kinachoonekana, wakati wake unaojulikana, na mtu wa kufanya naye. Hayo ndiyo ninayoona yakikosekana katika mawaidha mengi ya siku hizi, yanayotutaka tuamke saa kumi alfajiri, tukimbie kilomita 10, na tumalize kitabu kila wiki. Mkazi wa Mbagala anayefanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, hana siku ya namna hiyo. Ana daladala, chai ya saa nne, foleni ya jioni, taarifa ya habari na watoto wanaosubiri. Vidokezo hivi ni vya siku hiyo.

1. Usitafute muda mpya, tafuta pa kushikiza

Tabia mpya hudumu ikifuata jambo ambalo tayari hulisahau. Baada ya swala ya alfajiri, jinyooshe viungo kwa dakika 5. Ukishabandika sufuria ya chai, kunywa glasi ya maji. Ukishapata kiti kwenye basi, fungua kitabu. Sema sentensi nzima, ikiwezekana kwa sauti: nikimaliza hiki, nafanya hiki. "Nitaanza mazoezi" haina saa wala mahali, kwa hiyo kila siku unalazimika kuamua upya, na jioni ya mtu aliyechoka haiamui mazoezi.

Halafu ifanye iwe ndogo kiasi kwamba hata siku mbaya inaingia. Dakika 5 zinatosha kabisa kwa mwanzo.

2. Ipe miezi, si wiki tatu

Ule usemi kwamba tabia hujengwa kwa siku 21 ulienezwa na kitabu cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, cha mwaka 1960. Alikuwa akieleza muda ambao wagonjwa wake walihitaji kuzoea sura zao baada ya upasuaji. Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya, kama kunywa maji na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, waliona kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kufanyika lenyewe bila kujisukuma. Makadirio yao yalianzia siku 18 na kufika 254. Kwa hiyo ukifika wiki ya nne na bado unajivuta, hujashindwa. Upo pale pale wanapokuwepo wengi.

3. Shuka kabla ya kituo chako

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kwa wiki angalau dakika 150 za kutumia mwili kwa kiasi, yaani kule kunakokufanya upumue kwa kasi kidogo huku bado unaweza kuongea. Zigawe kwa siku tano: dakika 30. Abiria wa mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam aliyezoea kushukia Kisutu akishukia Fire na kumalizia kwa miguu, kisha jioni akafanya vivyo hivyo kurudi, amefanya kazi kubwa bila kulipa kiingilio cha jimu. Nairobi, kutoka Ngara hadi katikati ya mji ni mwendo wa kufurahisha kabla jua halijakolea.

Hatua 10,000 zisikutishe. Namba hiyo ilitokea Japani mwaka 1965, katika jina la kifaa cha kuhesabia hatua, Manpo-kei, kilichoingia sokoni muda mfupi baada ya Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia kifaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na nafuu hiyo iliongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia.

Mama anayeteka maji, anayelima, anayepanda vilima vya Usambara na mzigo kichwani hana haja ya ushauri huu. Unatuhusu sisi tunaokaa kwenye kiti tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwetu sisi, hata kusimama na kuzungukazunguka ofisini kila baada ya muda ni jambo la maana.

4. Pakua mboga kwanza

Ugali hauna kosa. Kosa ni kipande kikubwa cha ugali na mboga ya kuchovyea tu. Geuza mpangilio wa mkono: anza kupakua mchicha, matembele, kisamvu au bamia, ijaze nusu ya sahani, ndipo uje kwenye ugali au wali. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na kwetu jambo hilo halihitaji duka la kifahari. Msimu wa maembe ukifika, kula maembe. Papai lipo, chungwa lipo. Dagaa huliwa na mifupa yao, ndiyo maana wana madini mengi ya chokaa.

Ukiweza, nunua dona. Sembe imekobolewa ikaondolewa ganda na kiini, na humo ndimo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini zilimokuwa.

Sukari na chumvi nazitilia mkazo zaidi, kwa sababu huingia kimyakimya. Sukari ya kuongeza inashauriwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya 25, ambazo ni kama vijiko 6 vya chai, ni vyema zaidi. Soda moja ya chupa ya kawaida hubeba gramu 30 au zaidi. Ukiwa unaweka vijiko vitatu kwenye kikombe, wiki hii weka viwili na nusu, wiki nyingine viwili. Ulimi huzoea. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kilichojaa bapa, pamoja na ile iliyo kwenye mkate na viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Anayeihitaji kweli atanyanyuka kuifuata jikoni, na wengi hawatanyanyuka.

5. Tazama rangi ya mkojo

Dar es Salaam ya Februari hukausha mwili kabla hujahisi kiu. Mkojo wa rangi ya manjano hafifu ni dalili njema. Ukikolea, ongeza maji. Beba chupa yako ya maji yaliyochemshwa.

6. Simu ilale mbali na kitanda

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku, na wanaoamka kuwahi daladala ya alfajiri hulipia kila dakika ya kuperuzi simu usiku. Ichaji upande wa pili wa chumba. Kengele ikilia utalazimika kusimama, na ukishasimama nusu ya kazi imekwisha. Jambo la pili ni kuamka wakati ule ule kila siku, hata Jumapili. Mwili ukijua saa ya kuamka, hujipangia wenyewe saa ya kusinzia.

Kahawa ya kijiweni baada ya magharibi ni tamu, na mazungumzo yake ni matamu zaidi. Lakini nusu ya kafeini yake huweza kubaki mwilini hata baada ya saa 5. Kama unagaagaa kitandani hadi usiku wa manane, jaribu kuja kijiweni na kuagiza tangawizi. Oga kabla ya kulala kukiwa na joto, chomekea chandarua vizuri, zima taa.

7. Pima presha kabla kichwa hakijauma

Hiki ndicho kidokezo ninachokupa kwa msisitizo kuliko vyote. Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Watu wetu wengi hujua wanalo siku wanapoanguka, wakati kipimo chake huchukua dakika chache tu katika zahanati. Angalau mara moja kwa mwaka, chagua siku isiyosahaulika, kwa mfano wiki ya kuzaliwa kwako, uende. Kaa dakika 5 kwanza, miguu yote sakafuni, mkono umeegemezwa usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inafanya kazi.

Chini ya 120/80 ni hali njema. Ikifika 140/90 au zaidi, na kurudia hivyo siku tofauti, zungumza na daktari. Na tafadhali, aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Presha yake imetulia kwa sababu anazitumia.

8. Weka akiba kabla ya kutumia

Fedha imo katika makala ya afya kwa sababu wasiwasi wa kodi ya nyumba huvunja usingizi kuliko kahawa. Siku ile ile mshahara au mauzo yanapoingia, toa kiasi kidogo kiende kwenye kibubu, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, au kwa kijumbe wa mchezo wenu wa kupeana fedha. Ukisubiri kitakachobaki, hakitabaki. Uzuri wa mchezo na VICOBA ni kwamba wenzako wanakungoja, na aibu ya kuwaangusha hukusukuma pale nia yako peke yako ingelegea.

9. Soma kurasa 10

Kurasa 10 kwa siku ni riwaya ya kurasa 200 ndani ya siku 20, na hizo hupatikana kwenye foleni ya jioni pekee. Mwandishi Shaaban Robert aliajiriwa katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akaendelea na kazi za serikali kwa miongo kadhaa hadi kwenye ofisi ya upimaji wa ardhi. Mwenye ajira hiyo ndiye aliyetuachia vitabu zaidi ya 20. Kila anayesema kazi haimpi nafasi ya kujiendeleza, namwomba amfikirie karani huyu wa Tanga.

Anayesema umri umempita, amfikirie Kimani Maruge. Kenya ilipofuta ada ya shule ya msingi, mzee huyu alijiandikisha darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, amevaa sare na soksi ndefu. Alitaka kusoma Biblia kwa macho yake na kuhesabu fedha zake. Mwaka uliofuata alikuwa New York, akizungumza katika Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi ya bure.

Si lazima kiwe kitabu. Kushona, kutumia kompyuta, kutengeneza pikipiki, Kiarabu, Kifaransa: robo saa kila siku, mahali pale pale. Na kama una mtoto nyumbani, msomee kwa sauti. Mnakua wawili kwa muda mmoja.

10. Andika mistari miwili usiku

Eliud Kipchoge, mtu wa kwanza kukimbia umbali wa marathoni chini ya saa mbili, huko Vienna mwaka 2019, amekuwa akiandika mazoezi yake kwenye madaftari tangu 2003. Daftari la shule linatosha. Mstari mmoja: nilichofanya. Mstari wa pili: kilichonisumbua. Baada ya mwezi utaona ni siku zipi hukuvuruga, na mara nyingi utaona sababu.

11. Mjulie hali mtu usiyemdai

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wamekuwa wakifuatilia maisha ya watu tangu 1938, na wanachorudia kukisema ni kwamba uhusiano mwema na watu wa karibu hutabiri afya na furaha ya uzeeni kuliko fedha au umaarufu. Pwani tuliwahi kulijengea jambo hili kwa mawe: baraza za Mji Mkongwe, Zanzibar, mahali pa kukaa na kuulizana hali bila kualikana. Aliye kwenye ghorofa huko Kinondoni, au kwenye baridi ya Oslo, itambidi apange kwa makusudi. Kila Jumapili mpigie mtu mmoja bila shida ya kumweleza. Umesikia habari za nyumbani, za kazi, za watoto, basi.

Vikundi vya jogging vinavyopita mitaa ya Temeke alfajiri ya wikendi, kwa nyimbo na fulana za rangi moja, vina siri hiyo hiyo. Anayetaka kulala husikia wenzake wakipita dirishani.

Na kama huzuni imekaa wiki mbili mfululizo, hamu ya chakula imekwisha, usingizi umepotea, na yale uliyoyapenda hayana ladha, mwambie mtu unayemwamini na uende kituo cha afya. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na una tiba.

12. Siku ikiruka, rudi na nusu

Kutakuwa na msiba, safari ya kijijini, mtoto mwenye homa, mvua ya masika iliyokata barabara. Utafiti ule wa London uliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Kinachohitaji kupangwa mapema ni siku ya kurudi. Iandike sasa, kwenye lile daftari: nikitoka msibani, kesho yake natembea dakika 10 badala ya 30, nasoma kurasa mbili, na maji nakunywa pale pale chai inapobandikwa. Keshokutwa naendelea na kiwango changu.