SOMO LA MATEMBEZI: FOTO BILA FASI NI KAZI BURE



Mwaka uliopita tulitembea upande wa kilima cha Penga Penga, kisha ku pori mbali na mji. Tulikuwa na telefone tatu. Nilikusanya foto zote ku moja, zikachanganyika. Mwalimu aliuliza: «Huu muti ulikuwa wapi?» Nilinyamaza. Foto 40, na hata moja haikutufaa kwa kulinganisha. Kosa ni langu, njo maana ninaandika.

Likeni ni nini? Ni yale mabaka ya kijivu, kijani ao manjano ku ganda la muti na ku mawe. Si ugonjwa wa muti. Ni viumbe viwili pamoja: kimoja ni jamaa ya bowa, kinashika maji, kingine ni mwani mdogo sana, unapika chakula kwa nuru ya jua. Likeni haina mizizi. Inakunywa mvua na hewa, pamoja na moshi uliomo. Mwaka 1866, Nylander wa Finland alionyesha kule Paris kwamba likeni zilizobaki ku bustani ya Luxembourg zilikuwa zimepotea fasi zingine za mji.

Sisi pia tuna habari yetu. Tanuru ya shaba ya Lubumbashi ilianza 1911. Upepo wa hapa unatoka zaidi kusini-mashariki. Kwa miaka mingi ulipeleka moshi wa sulfuri na vumbi ya madini upande wa Penga Penga, na miti mingi ilikufa kule. Ganda la muti linaweza kutushuhudia, lakini sharti tujue ni muti gani na wa wapi.

Basi tufuate hivi:

1. Piga foto tatu: muti mzima, ganda lake, kisha karibu kabisa na rula pembeni.
2. Andika papo hapo mu kaye: namba, tarehe, fasi, jina la muti. Linganisha muputu na muputu, mutondo na mutondo, juu ganda hazifanane.
3. Tazama umbo: likeni yenye kushikamana sawa rangi ya ukuta, yenye majani, ao yenye ndevu. Ya ndevu njo kwa kawaida inakufa mbele kwa moshi.
4. Kwa bidudu, hesabu miguu. Insekti ina 6. Buibui ana 8, si insekti. Kinkubala kinaonekana na miguu mingi, lakini ya kweli ni 6 karibu na kichwa. Kipige pamoja na jani kinalokula. Chenye manyoya usikishike. Kisha onyesha foto kwa mama anayeuzisha binkubala ku soko: mara nyingi anajua jina na muti wake.
5. Jina usilolijua, andika «sijui». Jina la kutunga linadanganya wale watakaofuata.

Maulizo: Kwa nini likeni inaumia upesi na moshi? Kwa nini hatulinganishe muputu na muembe?

Siku ya posho, kila mtu aje na kaye na bic. Telefone moja kwa kikundi inatosha.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho