Mashimo Meusi ya Tangu Mwanzo wa Ulimwengu

Shimo jeusi ni mahali palipokusanyika uzito mwingi mno katika nafasi ndogo, hata mwangaza ukiingia hautoki. Mengi hutokana na nyota kubwa zilizokufa. Lakini mwaka 1971 Stephen Hawking wa Uingereza alitoa rai kuwa huenda yako mengine yaliyofanyika mara tu ulimwengu ulipoanza, kabla ya kuwako nyota hata moja.

Basi kitu kisichotoa nuru kitajulikanaje? Kwa mawimbi ya mvutano. Mashimo mawili yazungukanapo hata yakagongana, nafasi yenyewe hutikisika, kama maji ya kisima yatupiwapo jiwe. Tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, kila mmoja una mapaipu mawili ya kilomita 4 yapitishwayo mwanga wa leza, ilipima mtikisiko huo kwa mara ya kwanza. Mashimo yale yalikuwa na uzito wa takriban mara 36 na 29 ya uzito wa jua.

Hapo wako waliosema: huenda haya ni ya tangu mwanzo. Nasi twasema: "huenda" si yakini, kwani nyota kubwa nazo zaweza kuacha mashimo kama hayo. Hoja ya kukata shauri ni hii: nyota ikifa haiachi shimo jepesi kuliko jua. Likithibiti shimo la namna hiyo, tutajua kuwa nyota haikulizaa. Wataalamu wamelitafuta, na bado halijathibiti. Basi tujifunze kwao adabu hii: kutafuta kwa bidii, na kutodai kabla ya ushahidi.