Rubafu kwa Mapumziko: Usikimbize Mbuga Zote

Ukitazama ramani ya Kagera, ukaona msitu wa Minziro juu, Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato chini, na Kisiwa cha Rubondo kikichungulia upande wa Geita, ni rahisi kudhani kwamba mtu anaweza kulala Rubafu na kuvifikia vyote kwa kwenda na kurudi. Hawezi, labda awe ametoka nyumbani kwa nia ya kukaa garini kutwa. Rubafu iko kaskazini mwa mji wa Bukoba, huko Bugabo, mahali ardhi inapojipenyeza katika Ziwa Victoria, na mpaka wa Uganda uko karibu. Raha yake ni huko kukaa pembeni. Kwa hiyo gawa likizo yako vipande viwili: lala Rubafu kwa ajili ya ziwa, ndege, migomba na usingizi, ukitaka wanyama wakubwa, hamisha begi ukalale Muleba au Biharamulo. Anayelazimisha kituo kimoja kifanye kazi zote mbili hurudi kazini amechoka kuliko alivyoondoka.

Kabla ya kuulizia chumba, ulizia mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, takriban maradufu ya Mwanza, ingawa miji hiyo miwili inanawa maji ya ziwa moja. Chanzo ni ziwa lenyewe. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ya ufukweni huteremkia ziwani kutoka kila upande, ikikutana katikati hupanda na kujenga mawingu ya radi. Pepo za kutoka mashariki na kusini-mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi ufukwe wa magharibi, yaani Kagera. Ndiyo maana mvua ya huku hupenda kubisha hodi alfajiri na asubuhi, wakati sehemu nyingi za nchi huingoja mchana. Kwa mpanga safari hilo ni jambo la manufaa sana kulijua. Ukiamka saa kumi na mbili ukakuta radi zinagonga, usivunje ratiba wala usimlaumu mwenye loji. Kunywa chai, ngoja. Mara nyingi kufikia saa nne jua limeshika na njia zimeanza kukauka.

Miezi ya kuchagua ni Juni hadi Agosti, hasa Julai, ambapo mvua hupungua kweli na barabara za vumbi hupitika. Januari na Februari nazo zina nafuu. Machi hadi Mei ni masika mazito, na gari dogo linaweza kukwama mahali ambapo juzi lilipita likiimba. Oktoba hadi Desemba ni vuli, lakini sitamkataza mtu kuja Novemba, kwa sababu ndio msimu wa senene. Atakayekula senene waliokaangwa wangali wa moto atasamehe matope yote.

Kufika Bukoba kumekuwa rahisi. Kuna ndege, kuna meli ya usiku kutoka Mwanza kupitia Kemondo (ulizia ratiba bandarini, maana hubadilika), na kuna barabara. Anayetoka Mwanza kwa gari hana tena haja ya kupanga foleni ya kivuko: tangu Juni 2025 anavuka juu ya Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3. Anayetoka Kampala hupitia Mutukula. Ukishafika Bukoba mjini, fanya manunuzi yako palepale: toa fedha taslimu, jaza mafuta, nunua dawa zako. Kutoka hapo hadi Rubafu utategemea gari binafsi, teksi ya kuchangia au bodaboda, na jioni usafiri huadimika. Usiwasili mjini saa kumi na moja jioni ukitarajia kulala Rubafu siku hiyohiyo.

Malazi sasa. Rubafu ni nchi ya wavuvi na wakulima. Usitegemee mtaa wa hoteli ambao utautembea ukichagua. Piga simu kabla, na unapopiga, acha kuuliza "pana hali gani?" kwani jibu litakuwa pazuri. Uliza vitu vinavyojibika. Umeme ukikatika mnatumia nini? Maji ya kuoga yanapashwa moto? Asubuhi za Bukoba zina ubaridi, na mtu wa Dar es Salaam atashangaa. Ufukwe wa mbele ni mchanga au mafunjo? Swali hili usilisahau, nitalirudia nikifika kwenye kuoga. Mvua ikinyesha usiku, gari linatoka? Chakula kinaagizwa saa ngapi? Ndizi za kupika hazina haraka, na sato anapaswa kufuatwa mwaloni kwa wavuvi asubuhi. Mgeni anayeagiza chakula cha mchana saa saba atakula saa kumi. Agiza cha mchana wakati wa kifungua kinywa na cha usiku wakati wa mchana, ndivyo jiko dogo linavyokwenda. Ukikosa malazi yanayokuridhisha, lala Bukoba mjini, ambako hoteli ni nyingi, na uifanye Rubafu safari ya kutwa. Si aibu.

Neti iwe na dawa na isiwe na matundu. Muleba ndiko kulikofanyika mojawapo ya tafiti zilizobadili mawazo ya dunia kuhusu vyandarua: mbu wa huko walikuwa wamezoea dawa ya kawaida, na neti zilizoongezwa kiambato kiitwacho PBO zikaonekana kuwakinga watoto vizuri zaidi dhidi ya malaria, matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Ukiwa na neti yako ya aina hiyo, ibebe. Haina uzito.

Siku mbili za mwanzo usiende popote pa mbali. Tembea. Mandhari ya Uhayani ina sura mbili zinazopokezana: kibanja, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, maharage na miti ya kivuli, vyote vimebanana, na rweya, ule uwanda wa nyasi ulio wazi kati ya kijiji na kijiji. Nyasi za rweya hukatwa zikapelekwa kutandazwa kibanjani, na kwa karne nyingi rutuba imehama hivyo kutoka uwandani kwenda migombani. Mpenda ndege afaidike na mpaka wa sehemu hizo mbili. Asubuhi baada ya mvua ndege hutoka kujikausha, na karibu na maji utawakuta furukombe, mdiria na minandi bila kutumia nguvu nyingi. Beba darubini. Simu haitoshi, hata ile yenye kamera tatu.

Kuna adabu ya kupita. Kibanja ni nyumba, si pori. Makaburi ya ukoo yamo humohumo kati ya migomba. Usikatize bila kubisha hodi, na usipige picha kaburi wala mzee bila ruhusa. Shikamoo inatosha kufungua mlango, na ukiongeza "waitu", neno la heshima la Kihaya, mwishoni, uso wa mzee utabadilika. Ukikaribishwa rubisi, pombe ya ndizi mbivu iliyochachushwa na mtama, onja kidogo uone ilivyo kabla hujajitia ushujaa. Ukipewa buni zilizokaushwa za kutafuna, pokea kwa mikono miwili: kahawa ya kutafuna ni ishara ya ukarimu hapa tangu kabla ya Wajerumani kufungua kituo chao Bukoba mwaka 1890.

Matembezi ya majini yana masharti yake. Nenda mwaloni mapema, zungumza na viongozi wa wavuvi badala ya kijana wa kwanza atakayekufuata, mpatane bei na muda kabla ya kupanda. Kila abiria avae jaketi okozi, mtoto avae la saizi yake. Kama hakuna, hakuna safari. Hilo halina mjadala katika ziwa lililomeza MV Bukoba mnamo Mei 21, 1996. Usitoke kabla upande wa mashariki haujang'aa, kwa sababu ile ya mawingu ya alfajiri. Na umkumbushe nahodha asielee sana kaskazini: mpaka wa Uganda unafuata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, hauna ukuta wala kibao majini, lakini doria ipo. Tembea na kitambulisho.

Safari ya kutwa inayofaa kweli kutoka Rubafu ni Minziro, wilayani Missenyi. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 250, ikiungana na misitu ya Sango Bay upande wa Uganda. Upekee wake ni kwamba ni kipande cha misitu ya Kongo kilichojikuta Tanzania. Kuna ndege na vipepeo wa huko ambao ukiwakosa Minziro itabidi uvuke mpaka kuwatafuta, na juu ya miti kuna mbega. Msitu umekaa bondeni karibu na Mto Kagera, kwa hiyo msimu wa mvua sakafu yake hugeuka maji. Nenda kiangazi, vaa buti za mpira hata hivyo, na soksi ndefu juu ya suruali kwa ajili ya siafu. Wasiliana na ofisi ya misitu siku moja au mbili kabla ili upatiwe mtu wa kukuongoza. Asiyejua Minziro ataona miti tu. Hapa ndipo ratiba ya mvua inapogombana na ya ndege, maana ndege wanataka alfajiri. Mimi ningeondoka gizani mwezi Julai, lakini Novemba ningesubiri. Njiani, Kyaka, utavuka Mto Kagera mahali ambapo majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja mwaka 1978. Simama kidogo.

Siku ya kuhama kutoka Rubafu kwenda kusini usiipoteze barabarani. Bukoba mjini kuna Makumbusho ya Kagera, pale Nyamukazi, ya kupitia kwa saa moja. Kisha pinda kwenda Katuruka, karibu na Maruku, ambako utafiti wa mwanaakiolojia Peter Schmidt kuanzia miaka ya 1970 ulionyesha kwamba watu wa huku walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Hakuna mnyama wa kuona hapo, ila ningeiweka mbele ya mbuga kadhaa.

Burigi-Chato ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 baada ya kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ina kilomita za mraba 4,707, ni kubwa, na bado haina msongamano wa magari. Asitarajie mtu Serengeti: wanyama wamekaa mbalimbali, wengine wana woga, na utatumia muda mwingi kutazama ziwa la humo na vilima. Mwenye subira atapenda. Malipo hufanywa kwa namba ya malipo au kadi, si fedha mkononi, na ada ya raia wa Afrika Mashariki ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mgeni, mradi una kitambulisho cha kuthibitisha. Rubondo nayo ni kisiwa, inahitaji boti na walau usiku mmoja. Wako sokwe, kizazi cha wale walioletwa miaka ya 1960, wapo pia nzohe, swala wa vinamasi, ila usiibandike mwishoni mwa likizo fupi kama kiraka.

Limebaki la kuoga ziwani, na ndilo watu hulifanya kabla ya kuuliza. Konokono wanaobeba kichocho hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo ufukwe wa mafunjo ni wa kutazama. Penye mchanga na mawimbi hatari hupungua, haiishi. Epuka adhuhuri, wakati vijidudu vya kichocho wanavyotoa konokono hao ni vingi zaidi majini, jikaushe vizuri kwa taulo mara utokapo, na waulize wavuvi kuhusu mamba na viboko wa eneo hilo. Wao ndio wanaojua. Na maadamu tunazungumzia afya, mapangoni usiingie kabisa: ugonjwa wa Marburg uliolipuka Bukoba Vijijini mwaka 2023 unahusishwa na popo wala matunda wanaolala humo. Kama uliingia ziwani, kapime kichocho wiki sita hadi nane baada ya kurudi, hata kama hujisikii chochote. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa dozi fupi, na ukipima mapema mno kipimo kinaweza kukuambia huna wakati unacho.