ZUNGUMZENI NYUMBANI KABLA YA HATARI

Leo somo letu si dawa. Ni mazungumzo ya nyumbani. Je, mazungumzo yanahusu afya? Soma mfano huu.

Mama mjamzito anaumwa kichwa sana. Macho yake hayaoni vizuri. Anaogopa kusema. Mumewe ameteremka Makanya. Mama mkwe anadhani ni uchovu tu. Fedha zimo ndani, lakini mama hajui zilipo. Wanamngoja baba. Baba anarudi usiku. Anamkuta mkewe ameanguka, anatetemeka mwili mzima. Hicho ni kifafa cha mimba. Kinaweza kumwua mama na mtoto.

Katika nyumba hii hakuna mtu mbaya. Wote wanampenda mama. Kosa ni moja: hawakuzungumza mapema.

Sisi watu wa Upare tunajua kupanga mapema. Hatungoji mahindi yakauke ndipo tuitane msaragambo wa kusafisha ndiva na mfereji. Tufanye hivyo na afya.

JINSI YA KUZUNGUMZA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu walikaa kwa vikundi. Walisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Nyumbani nako fanyeni hivyo:

1. Chagueni wakati mtulivu, kama jioni baada ya kula. Msizungumze kwa hasira wala kwa ulevi.

2. Mmoja aseme, wengine wasikilize. Msimkatize.

3. Rudia ulichosikia. Uliza: "Unasema kichwa kinauma tangu jana, sivyo?"

4. Usilaumu. Usiseme, "Wewe hunijali." Sema, "Baba watoto, naogopa. Nikiugua usipokuwapo, nifanyeje?"

5. Amueni pamoja. Mama mkwe naye awepo.

MAMBO YA KUAMUA

- Fedha za safari zitawekwa wapi? Mama apajue.
- Nani ataitwa mwenye gari au pikipiki?
- Nani atamsindikiza mama?
- Nani atabaki na watoto?

DALILI ZA HATARI

Mama mjamzito aende kituo cha afya mara moja akiona mojawapo ya haya:

- anatoka damu;
- anaumwa kichwa sana, au haoni vizuri;
- amevimba uso na mikono;
- ana homa kali;
- chupa imevunjika kabla ya uchungu;
- mtoto hachezi tumboni, au anacheza kidogo kuliko kawaida.

Akianguka kifafa, mlazeni kwa ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni upesi.

Baba, mwambie mkeo leo: "Ukiona dalili ya hatari, usiningoje. Nenda." Maneno hayo machache yanaweza kuokoa watu wawili.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama katika mfano wetu hakusema mapema?
2. Mama mkwe angeweza kufanya nini?
3. Nyumbani kwako, je, kila mtu mzima anajua fedha za safari zilipo?