Sitaha za Chini

Hombolo, Dodoma, saa 10 alasiri. Babu ameketi kwenye kigoda chini ya mkwaju, anachambua zabibu alizochuma asubuhi. Mjukuu wake, aliyemaliza masomo ya hoteli mwaka jana, ameteremka kwenye bodaboda muda si mrefu.

MJUKUU: Mbukwenyi, babu.

BABU: Mbukwa, mjukuu wangu. Umekuja na jua lote hili? Vuta kigoda, sogeza na tenga hilo. Zilizopasuka weka kando, nzima ziache. Haya sema, maana simu yako ya jana haikuwa ya salamu tu.

MJUKUU: Nimepata kazi, babu. Tuseme nimeambiwa nitapata. Meli ya kitalii, zile zinazozunguka dunia nzima kwa miezi minne. Mhudumu wa vyumba, kazi yako ileile. Nimekuja unieleze maisha ya humo yakoje kabla sijamjibu huyo mtu.

BABU: Huyo mtu anataka umlipe?

MJUKUU: Milioni mbili na nusu. Anasema ni za kushughulikia makaratasi.

BABU: Nilijua. Hilo tutalirudia, usiondoke kabla hatujalirudia. Tuanze na meli yenyewe. Safari za namna hii zina miaka mia na zaidi. Mwaka 1922 meli ya Cunard iitwayo Laconia iliondoka New York na matajiri wake, ikaizunguka dunia, ikarudi 1923. Tangu hapo mchezo ni uleule, ila meli zimekua. Queen Mary 2 ina urefu wa mita 345. Panga viwanja vitatu vya mpira mfululizo, bado itabaki sehemu. Inabeba abiria zaidi ya 2,600 na wafanyakazi kama 1,200. Hicho ni kijiji, mwanangu. Kina hospitali, polisi wake, mkate unaookwa usiku kucha, na chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti.

MJUKUU: Maiti, babu?

BABU: Abiria wa safari ndefu wengi ni wastaafu. Mtu wa miaka 85 anapanda akiwa na dawa zake za miezi minne. Wengine hawashuki kwa miguu yao. Ukiingia kazini utaambiwa namna ya kunyamaza jambo kama hilo likitokea kwenye vyumba vyako.

MJUKUU: Na hao wanaoishi, siku yao ikoje?

BABU: Siku yao inaanzia kwenye karatasi. Kila jioni mhudumu anaacha juu ya kitanda ratiba ya kesho: jua litachomoza saa ngapi, usiku watu wavae nini, nani atatoa mhadhara, karata zitachezwa wapi. Asubuhi wanatembea kuizunguka sitaha, haraka haraka kama wanawahi gulio, halafu wanarudi walipoanzia. Saa 6 mchana nahodha anazungumza kwenye spika: tuko sehemu gani ya bahari, kina chini yetu ni mita ngapi, upepo unatoka wapi. Wazee wanapenda sana saa hiyo, wengine wanaandika kwenye daftari. Saa 10 chai na keki. Usiku suti nyeusi, magauni, muziki. Bibi aliyesafiri peke yake hakosi wa kucheza naye, kwa sababu meli huajiri wanaume watu wazima, wenye adabu, kazi yao ni dansi tu.

MJUKUU: Siku mia na kitu hivyo hivyo? Hawachoki?

BABU: Wanachoka sana. Kutoka California mpaka Hawaii unakaa siku nne, tano, huoni nchi kavu. Hapo ndipo unamjua mtu. Nilikuwa na mama mmoja mjane kwenye vyumba vyangu, alisafiri na picha ya mumewe kwenye fremu. Aliiweka kwenye kiti cha dirishani. Kila nilipofuta vumbi niliirudisha ikitazama bahari, kwa sababu siku ya kwanza niliiweka vibaya nikamwona anaigeuza polepole. Aliniambia kwao hakuna anayemgongea mlango, hata wiki nzima ikapita. Mimi nilimgongea mara mbili kila siku. Nadhani alilipa fedha zile zote kwa ajili ya hodi hiyo. Kazi yako utakayokwenda kufanya, ukiipembua, ni hodi na shuka.

MJUKUU: Sasa wewe siku yako ilikuwaje?

BABU: Nilianza 1994 kwenye udobi, chini ya mstari wa maji. Hakuna dirisha. Shuka linatoka kwenye mashine likiwa na unyevu, wawili mnalishika pembe, mnalinyoosha, mnaliingiza kwenye rola la moto, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Mwenzangu alikuwa Mfilipino. Mwezi mzima wa kwanza hatukuwa na lugha, tulielewana kwa pembe za shuka: akivuta kidogo, ameuliza kama niko tayari, nikivuta, nimejibu. Mwaka wa pili nikapandishwa kwenye vyumba. Nilikuwa na vyumba 14. Asubuhi unaingia, unatandika, unasugua bafu, unabadilisha taulo. Saa 12 jioni unarudi tena: pazia, taa ndogo, shuka unalikunja pembe, chokoleti kwenye mto, ratiba ya kesho. Kati ya hapo mtu amemwaga kahawa, mwingine anatafuta meno yake ya bandia. Na haya yote unayafanya usionekane. Kuna milango usiyoiona kutoka upande wa abiria, imepakwa rangi ya ukuta. Ukiipita tu, zulia linakwisha, unakanyaga chuma; mabomba juu ya kichwa, mikokoteni ya vyakula inapishana, watu wa mataifa hamsini wanasalimiana mbiombio. Huo ndio mji wenyewe. Mnalala wawili kwenye chumba, kitanda juu ya kitanda, pazia ndiyo nyumba yako.

MJUKUU: Mnalala saa ngapi, na kesho yake alfajiri?

BABU: Inategemea meli inaelekea wapi. Hili hakuna anayekwambia mapema. Ikienda magharibi, usiku mwingine saa zinarudishwa nyuma, mnapata saa moja zaidi ya kulala, na wote mnafurahi. Ikienda mashariki saa zinasogezwa mbele, na kila zikisogezwa saa moja imetoka kwenye usingizi wako, maana kifungua kinywa cha abiria hakisogei. Ukienda mashariki dunia nzima, umenyang'anywa saa 24 vipande vipande. Halafu katikati ya Pasifiki kuna mstari wa tarehe. Ukiuvuka kwenda magharibi siku nzima inaruka. Mimi nimelala Jumanne nikaamka Alhamisi. Hiyo Jumatano sijawahi kuiona mpaka leo.

MJUKUU: Kilichokuwa kigumu zaidi ni usingizi, basi.

BABU: Maji.

MJUKUU: Maji tena? Si uko baharini?

BABU: Wewe umezaliwa bomba limeshafika. Mama yangu alikuwa anaondoka usiku na kibuyu, anakwenda kwenye korongo lililokauka, anafukua mchanga kwa mikono mpaka kiuno, anasubiri maji yachujike chini, anateka kwa kikombe. Ndoo moja ilikuwa kazi ya saa nzima. Sasa nakuja kwenye meli, nakuta maji yanatengenezwa. Injini inatoa joto, joto linachemsha maji ya bahari ndani ya tangi lililotolewa hewa ili yachemke mapema, mvuke unapozwa, unapata maji matamu. Meli za siku hizi zinayasukuma pia kwa nguvu kupita kwenye utando unaozuia chumvi. Tani mamia kwa siku. Na abiria anafungua bafu, anakwenda kuchagua tai, bafu linajaa linafurika. Sikumlaumu, hakuna aliyewahi kumwonyesha korongo. Ila mkono wangu ulikuwa na tabia yake. Kila chumba nilichotoka nilifunga bomba mara mbili. Meneja wangu aliniuliza kwa nini nashika bomba lililokwisha fungwa. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza.

MJUKUU: Kwa hiyo uliishi na maji kila mahali huku unawaza mchanga wa korongo.

BABU: Na bado hujaona mfereji wa Panama. Meli inapita mlimani, mwanangu. Inaingia kwenye boksi la zege, milango inafungwa, maji yanafunguliwa kutoka ziwa lililo juu, meli nzima inanyanyuliwa. Ngazi kwa ngazi mpaka mita 26 juu ya bahari, halafu inashushwa upande wa pili. Abiria wamejaa sitahani wanapiga picha. Nikamuuliza fundi mmoja, haya maji yanakwenda wapi? Baharini. Kila meli inayopita pale, lita milioni 200 hivi za maji baridi ya ziwa, yanayotoka kwenye mvua, zinaishia kwenye chumvi. Mwaka 2023 mvua zilipopungua kule, ilibidi wapunguze idadi ya meli zinazopita kwa siku. Niliposikia habari hiyo kwenye redio nilikuwa hapahapa nilipokaa, nawaza zabibu zangu.

MJUKUU: Uliwahi kupita huku kwetu?

BABU: Mara moja. Mwaka 1998 tulitia nanga Unguja. Usiku kucha sikulala, nilinyoosha shati langu la kutokea. Nilijua sitafika Dodoma, lakini nilitaka nikanyage tu, ninunue hata urojo, nisikie watu wanagombana kwa Kiswahili. Asubuhi orodha ikabandikwa: jina langu lilikuwa kwenye zamu ya kubaki. Bandarini lazima idadi fulani ya wafanyakazi ibaki melini, moto ukitokea wawepo wa kuuzima. Ni haki, na ilikuwa zamu yangu kweli. Abiria wangu wakashuka kwenye boti kwenda Mji Mkongwe na mashamba ya viungo. Mchana nikatumwa kupeleka magunia ya taka za karatasi kwenye mlango wa ubavuni, ule ulio karibu na maji. Boti ya wakala ilikuwa imefunga hapo. Kijana mmoja akaniangalia, akasoma beji, akasema, "Shikamoo mzee, wewe wa wapi?" Nikamwambia wa Dodoma. Akasema, "Karibu nyumbani." Kama angesema lolote jingine ningevumilia.

MJUKUU: Pole, babu.

BABU: Nimeshapoa. Jioni yule mama wa picha aliniletea mdalasini kwenye mfuko wa karatasi. Hakujua. Alidhani ni kitu kigeni kwangu.

MJUKUU: Bibi anasema nikuulize habari ya kuzama.

BABU: Bibi yako tangu MV Bukoba ilipozama 1996 haamini chombo chochote kinachoelea, na simlaumu. Sikiliza vizuri. Ukisikia king'ora, milio mifupi saba na mmoja mrefu, unaacha kila kitu, unavaa jaketi la kuokolea, unakwenda mahali pako. Wewe mhudumu una kazi yako: kugonga vyumba, kuhakikisha hakuna aliyebaki, kuwaongoza wazee kwenye ngazi, maana lifti hazitumiki. Kwa hiyo kabla hujapanda lazima upite mafunzo ya usalama: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam wanayatoa. Usinunue cheti. Januari 2012 Costa Concordia ilipasuka kwenye mwamba Italia, wakafa watu 32, na kuna abiria waliokuwa wamepanda siku ileile, hawajafanya zoezi hata moja. Baada ya hapo taratibu zikabadilishwa, zoezi linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Na anza kwenda bwawani na binamu zako wakufundishe kuogelea. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 30, nikiwa na aibu.

MJUKUU: Basi turudi kwenye milioni mbili na nusu.

BABU: Turudi. Mimi nililipa. Jamaa mmoja wa mjini Dar es Salaam, sina haja ya jina lake. Baba aliuza ng'ombe watatu. Kazi nilipata, lakini mshahara wa miezi saba ulikwenda kurudisha deni, na ng'ombe hawakurudi, ukame wa mwaka uliofuata ulimkuta baba na zizi jembamba. Wakati ule hakukuwa na wa kumwuliza. Wewe unaye. Kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulianza kufanya kazi Agosti 2013, na Tanzania iliuridhia 2019. Unasema wazi kwamba baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni pasipoti, kitabu chako cha baharia na cheti cha afya. Viza anaigharamia mwenye meli. Nauli ya kukurudisha nyumbani mkataba ukiisha, mwenye meli. Kupumzika, si chini ya saa kumi katika kila saa 24, na angalau sita kati ya hizo zifuatane.

MJUKUU: Anaweza kusema hizo ni gharama za ofisi yake.

BABU: Mwache aseme. Wewe mwombe vitu vitatu kwa maandishi: jina la meli, jina la mwenye meli, na mkataba wenyewe uusome nyumbani kabla ya kutia saini. Kisha nenda TASAC, ndio wanaosimamia mabaharia huku Bara, waulize kama wakala huyo anajulikana. Akikuharakisha, akisema nafasi inafungwa kesho, umeshapata jibu.

MJUKUU: Ameshaniharakisha. Anataka nitume leo kabla ya saa 12.

BABU: Saa ngapi sasa?

MJUKUU: Saa 11 na robo.

BABU: Zima simu. Si kwamba usiende, mjukuu wangu. Nenda. Meli zipo, na wanaoajiri kwa haki wapo, wewe una cheti na una subira kuliko mimi. Kesho tunapanda basi pamoja mpaka mjini, safari yetu ya kwanza. Sasa acha zabibu, ingia ndani uniletee shuka jeupe la bibi yako na mto.

MJUKUU: Kwenye kitanda cha kamba?

BABU: Hicho hicho, kitoe nje. Ukiweza kukitandika hicho kikanyooka, cha meli hakikushindi. Nakupa dakika tatu. Simama upande huo. Shika pembe, vuta kidogo, nisikie kama uko tayari.