Kumaliza Masomo kwa Wakati Wake

Kijana apatapo nafasi ya kuingia chuo kikuu, jamaa zake wote hufurahi. Michango hukusanywa, pengine hata ng'ombe huuzwa, naye husindikizwa kwa dua. Lakini ni wachache waulizao siku ile: atamaliza lini?

Tutazame habari za Marekani, ambako vijana wengi kutoka Afrika Mashariki na Kongo husoma. Shahada ya kwanza huko huitwa ya miaka 4, yaani mihula 8. Kwa kawaida mwanafunzi hutakiwa apate krediti 120. Krediti ni kipimo cha uzito wa somo, na somo moja aghalabu lina krediti 3. Sasa, kanuni za msaada wa fedha wa serikali humhesabu kuwa mwanafunzi wa muda wote mtu achukuaye krediti 12 kwa muhula. Kijana husikia maneno hayo, "muda wote", akatulia moyo, akidhani kuwa yu njiani sawasawa. Basi na tufanye hesabu: 12 mara 8 ni 96. Zimepungua krediti 24! Hiyo ni mihula 2 zaidi, yaani mwaka mzima wa karo, chakula na kodi ya chumba, ingawa kijana hakushindwa hata somo moja. Atakaye kumaliza kwa miaka 4 hana budi kuchukua krediti 15 kila muhula, au kufidia wakati wa likizo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuwahimiza wanafunzi wake wachukue 15, kwani waliofanya hivyo walionekana kufaulu vizuri zaidi. Mtu aweza kusema kwamba huenda hao walikuwa hodari tangu awali, na neno lake lina uzito. Walakini hesabu ya 120 haibadiliki kwa neno hilo. Tena vyuo vingi hutoza karo ile ile kwa krediti 12 na kwa 15.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii. Msaada uitwao Pell, wapewao wanafunzi wa jamaa zenye kipato kidogo, na ambao hata wakimbizi waliopokewa huko huruhusiwa kuuomba, tangu mwaka 2012 una ukomo wa mihula 12 ya muda wote katika maisha ya mtu. Aliyebadili fani mara mbili na kurudia masomo aweza kuona msaada umekatika hali amebakiza masomo machache tu. Akitoka hapo na deni bila shahada, deni hilo humfuata vile vile.

Hatumlaumu mama aleaye watoto, wala afanyaye kazi usiku. Kama uwezo wake ni miaka 6, na ajue hivyo mapema, apange fedha za miaka 6.

Chuo Kikuu cha Georgia State mjini Atlanta kilianza mwaka 2011 kuwapa misaada midogo wanafunzi ambao wangeondolewa kwa sababu ya karo kidogo iliyobaki. Lakini atasaidiwaje anyamazaye kwa haya? Aliyekwama na aseme mapema. Naye aingiaye mwaka huu amwombe mshauri wa masomo orodha ya masomo yote ya fani yake, aulize pia ni yapi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Maana likimpita moja la namna hiyo, atalingoja miezi 12.